Maboga Nisiyoyala

Mama yangu alikuwa anauza karanga za kuchemsha pale stesheni ya Mpanda, reli inapoishia. Nilikuwa mdogo, nguo yangu ni shati la baba tu, linanifika magotini. Treni ilikuwa na siku zake za kuja, lakini mama alikuwa anakwenda hata siku zisizo zake. Anachemsha karanga, anafunika ungo kwa kanga, anakaa kwenye kivuli cha ukuta. Atapita mlinzi, atapita fundi wa reli, atapita mwehu mmoja aliyekuwa akimsalimia kila mtu kwa jina la mkewe. Jioni tunarudi na ungo umejaa vilevile. Baba anamkaripia, "Treni hakuna, ulikuwa unamuuzia nani, reli?" Mama anajibu, "Karanga zikiwepo, watu wanasimama."

Sikumwelewa. Shule yenyewe niliishia darasa la tatu, na hata huko nilikuwa nafuata uji. Ila nisianze habari za shule, nitapotea.

Sasa naishi Mwamkulu, peke yangu. Mke wangu alishafariki. Watoto wako mbali, wanapiga simu, lakini simu inauliza kama nimekula, basi. Nina kipande cha shamba bondeni. Wenzangu wanalima mahindi na mpunga, na hayo ni mazao yasiyohitaji mgeni. Upepo ukipita unatosha: hindi linajimwagia unga wake wa juu kwenye nywele zake za chini, kazi imekwisha. Boga haliko hivyo. Boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na yanafunguka alfajiri, kabla ya adhuhuri yameshajikunja. Dume linasimama juu ya kikonyo chembamba, katikati lina unga wa njano. Jike lina kiboga chini yake, kama gololi. Unga wa dume usipolifikia jike, kile kiboga kinageuka njano, kinaoza, kinaanguka. Na unga wenyewe mzito, unanata, upepo hauuwezi. Anayeuweza ni nyuki. Bwana shamba anaita uchavushaji. Mke wangu alikuwa anaita kuposa. Akichuma maua ya mboga anachuma madume tu, na hayo madume anabakiza huku na huku. "Nikiyamaliza," anasema, "nani ataoa?"

Nyuki walikuwa wa jirani yangu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa huku huku, mtu wa kwaya, sauti nzito. Aliniomba atundike mizinga kwenye miti ya mpakani mwangu, nikamwambia tundika. Toka hapo kila asubuhi anapita kuitazama, na akishatazama anakaa kwangu tunakunywa uji. Mimi Mkonongo, na sisi tunajiona ndio wenyewe wa nyuki, kwa hiyo ugomvi haukuisha.

"Muzee, nyie Wakonongo hamfugi nyuki. Mnawaibia."

"Na wewe unawaimbia. Juzi umeimba, malkia kaziba masikio."

"Nyuki ana masikio wapi?"

"Ndiyo maana hajahama."

Anacheka mpaka uji unamtoka puani.

Hapa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Boga mimi sili. Toka utotoni linanijaa tumboni, silali. Mke wangu alipoondoka ningeweza kuacha kulilima, ningeweka mahindi kama wengine. Nikaendelea. Nikivuna nagawa, mengine yanaozea pale pale. Nilikuwa nalima maua. Maua yakiwepo, mizinga inakaa, na mizinga ikikaa yule bwana anapita.

Mwaka jana vijana wawili wakakodi shamba la pembeni, wakaweka nyanya. Vijana wazuri tu, wana salamu. Lakini dawa walikuwa wanapiga asubuhi, wakati maua yote yamefunguka na nyuki wako kazini. Jirani yangu akawafuata, nami nyuma yake.

"Wadogo zangu, pigeni jioni. Jioni nyuki wamesharudi kwao."

"Jioni tunakwenda mjini Kashaulili, mzee. Kuna mpira."

"Kila siku?"

"Ligi haiishi, mzee wangu."

Wakaendelea. Nyuki wakawa wanaanguka njiani, wanajizungusha chini kama walevi. Jirani aliwaokota akawaweka kwenye kofia yake, akawatazama. Siku hiyo uji hakuugusa. Akaniambia atawahamishia porini, upande wa Inyonga, msitu bado upo, na yeye atajenga huko huko. Nikamwambia subiri kidogo, nyanya zina mwisho wake. Akasema, "Nyuki hawajui kusubiri."

Akaanza kuhamisha, mzinga mmoja mmoja, jua likishuka, mlango umezibwa kwa majani. Ukabaki mmoja tu, ule ambao ndani walikufa wote. Nikawa nautazama kila siku. Nilijiambia, huu ukiwepo lazima aje. Na akija akakuta maboga yameshika, huenda akaona mahali hapa bado pana uhai.

Basi nikaanza kuposa mwenyewe. Alfajiri nainama, nachuma dume, nalisugua kwenye jike, nakwenda kwa jingine. Mgongo wa mzee huo. Ndivyo jirani alivyonikuta siku moja.

"Muzee, umekuwa nyuki?"

"Nimekuwa. Ila siumi."

"Unalichubua." Akalaza baiskeli, akachuma dume, akalivua majani yake ya njano likabaki lile tindi la katikati lenye unga, akalipitisha ndani ya jike polepole, kama anampaka mtoto mafuta. "Hivi. Nyuki hana haraka akishafika."

Tukafanya mstari mzima. Kwa vijana pampu ya dawa ilikuwa imeshaanza, fsss, fsss.

"Haya yatashika," akasema.

"Yakishika utairudisha mizinga?"

Akatazama kule kwenye nyanya. "Muzee, wewe mmoja hutoshi."

"Uji upo."

"Jua litanikuta njiani."

Akapanda mtini, akaufungua ule mzinga, akaufunga kwenye keria. Mfuniko wake wa gome ukabaki kwenye majani. Nikamwonyesha. Akasema, "Uweke, nitaufuata kesho." Akasukuma baiskeli juu ya tuta la majaruba ya mpunga, anaguna wimbo wake wa kwaya, mpaka migomba ikamficha. Nilikuwa nimesimama na ua dume mkononi.

Kesho yake nikapika uji wa watu wawili. Hakuja, wala hajaja tena.