Mume Wangu Alianguka Kutoka kwa Mashine ya Upepo, Sasa Binti Yetu Anapanda Hiyo Hiyo

Naomba jina langu lisitokee, maana huku kwetu tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, Mkamba, na niliolewa na Mmaasai miaka ya tisini. Tunaishi tambarare za nyuma ya Kitengela ukielekea Kajiado. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, msichana, nitamwita Nashipai. Nimelia nimechoka, nimeomba nimechoka, ndiyo nawaandikia nyinyi.

Stima haijawahi kufika kwetu, nguzo ziliishia huko barabara ya Namanga. Kwa hivyo watu wa hapa waliungana wakaanzisha ushirika wao wa umeme. Kila boma lilitoa mifugo, ikauzwa, tukanunua mashine ya upepo, ile ya mapanga matatu juu ya mlingoti wa chuma. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma hapo Kitengela, na yeye ndiye alifunzwa kuipanda na kuitengeneza. Upepo wa huku hauchoki. Zahanati ikapata friji ya chanjo, shule ikapata taa. Siku taa iliwaka kwa nyumba yangu mara ya kwanza, mama mkwe alikaa chini yake akakataa kwenda kulala, anaitazama tu. Baadaye tukaongeza sola, tukaongeza na mashine ya pili. Nilikuwa najivunia bwana yangu sana.

Kisha msimu mmoja wa kiangazi alikuwa juu akikaza nati, mkanda aliojifungia ukakatika. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilisikia kishindo nikadhani ni gunia limeanguka kutoka kwa punda. Uti wa mgongo ulivunjika na tangu hapo hatembei. Ni mimi namwosha, namgeuza, namvalisha. Sikulaumu ushirika, walimnunulia kiti cha magurudumu na maziwa hayakukosa kwangu. Kitu nilimwomba Mungu ni kimoja: nisione tena mtu wangu akipanda kile chuma.

Nashipai alienda chuo cha ufundi akasomea umeme. Alipomaliza nilidhani atatafuta kazi tauni. Lakini mwenyekiti wa ushirika alikuja nyumbani, akaketi, akasema, "Mama Nashipai, tunaleta mashine zingine kubwa. Fundi wa kutoka mbali anakawia kuja, na umeme ukizima chanjo zinaharibika. Tunamtaka msichana wako."

Nikamwambia, "Mzee, mlishachukua mmoja. Huyu mniachie."

Alichukua fimbo yake akaenda. Nilidhani hayo yameisha.

Juzi Jumamosi nilienda Kitengela kununua dawa ya vidonda, maana kulala sana kumemchubua bwana yangu mgongo. Nikirudi naona watu wamesimama karibu na mlingoti wakiangalia juu. Bwana yangu amesukumwa kwa kiti chake mpaka hapo. Huko juu kuna mtu amevaa sweta ya kijani, na hiyo sweta niliifuma mimi mwenyewe. Sikupiga kelele. Niliogopa akisikia sauti yangu atashtuka aachilie mkono. Nilikaa chini kwa vumbi nikajiziba mdomo.

Baba yake alikuwa anamwelekeza. "Hamisha ndoano ya mkanda kwanza. Sasa mguu. Usitazame chini, tazama mkono wako." Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla aanguke. Mimi nimemwosha miaka hii yote na sijawahi kuisikia tena. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Nashipai akashuka, mikono imejaa grisi, uso unang'aa. "Mama, usinikasirikie. Nilikuwa nimefunga mikanda miwili." Nikampiga kofi mbele ya watu. Sikuwa nimewahi kumpiga. Hakulia. Aliniambia tu, "Mama, mimi si Baba."

Tulipofika nyumbani nikamuuliza bwana yangu kama alijua. Akasema, "Ni mimi nilimfunza. Ukienda sokoni tunafanya mazoezi."

"Baba Nashipai, na wewe ndiye unajua kile chuma kinafanya nini."

"Ndiyo maana nikamfunza. Mimi nilipanda na mkanda mmoja, tena mkuukuu. Yeye hatafanya hivyo." Akageuza uso akaangalia ukuta. "Ama unataka nilale hapa mpaka nife, na iwe nilianguka bure?"

Tangu hiyo siku namwosha kimya, namlisha kimya. Ndugu yangu wa Machakos amesema nimchukue msichana twende tukae kwake. Nashipai amekataa, anasema nikienda atakuwa ananitembelea. Na nikienda, nani atamgeuza huyu mzee usiku? Jana pale zahanati mama mmoja alinishukuru juu ya ile friji, amembeba mtoto ametoka kuchanjwa, mnono, analia kwa nguvu. Nilitaka kumchukia yule mtoto nikashindwa.

Lori limeshaleta milingoti. Wiki ijayo wanasimamisha ya kwanza, na Nashipai ameniomba nije nisimame pale chini kando ya baba yake. Anasema akijua niko hapo hatatetemeka. Lakini nikienda nitakuwa nimekubali, na akianguka, mimi mama yake nitakuwa nilisimama nikitazama. Nisipoenda, atapanda tu, bila mimi. Silali. Nyinyi ambao mko na watoto, hata mnitukane nitasoma yote, lakini niambieni: hiyo siku niende, ama nibaki nyumbani?