Mabano Mawili Matupu

Joyness Mayige alikuwa na dakika arobaini na mbili za kumpata mama yake, na siku hiyo mtandao wa Bariadi ulikuwa unajivuta kama ng'ombe mgonjwa.

Mama mwenyewe alifariki Joyness akiwa na miaka mitatu. Picha yake pekee ililiwa na mchwa kule kwao Mwamapalala, na baba, mwalimu Mayige, hakuwa mtu wa kumsimulia. Ukimuuliza habari za marehemu mkewe, anakutuma ukaangalie ndama. Lakini mwezi uliopita, akiwa kitandani hospitalini, alimshika bintiye mkono akasema, "Mama yako nimemwandika. Yumo kwenye blogu." Kesho yake akafa, na paswedi akaondoka nayo.

Blogu hiyo! Miaka kumi na sita mzee aliandika mvua, pamba, ng'ombe waliopotea na madaraja yaliyokatika, na binti yake, ambaye anakula kwa kutengeneza tovuti za watu, hakuwahi kumaliza hata makala moja. Sasa alijuta. Kampuni iliyoitunza tovuti ilikuwa imetangaza kuizima Ijumaa hii, saa sita kamili mchana, kwa kuwa mwenyewe haitikii. Alipowaambia amekufa, wakataka hati ya mirathi ndani ya wiki moja, utadhani hati hizo zinauzwa sokoni pamoja na nyanya.

Ukifungua tovuti unaona ukurasa mweupe tu. Ila mfumo wake ulikuwa na API, mlango wa pembeni ambao programu hupitia kuomba makala, na mlango huo ulikuwa bado wazi. Joyness aliuliza kwanza idadi: makala elfu moja mia moja na arobaini. Akaomba mia kwa mpigo, seva ikakata. Akaomba kumi, zikaja baada ya dakika nne nzima, zote za bei ya pamba. Kwa mwendo huo asingefika popote. Ilibidi atafute kwa jina.

Akaandika Nyanjige, jina la mama. Akangoja huku akiuma kucha. Jibu likaja: mabano mawili, na ndani yake hamna kitu.

Akaandika Mama Joyness. Kabla jibu halijafika, umeme ukakatika, na betri ya kompyuta yake ilikuwa ya kuombea dua. Akatoka mbio hadi duka la jirani yake, Hilali.

"Hilali, nivutie waya wa jenereta!"

"Dada Joyness, salamu kwanza."

"Hilali, tafadhali!"

Hilali akamwona alivyohangaika, akaacha utani, akavuta waya. Kompyuta ikaamka. Ombi likaenda upya, jibu likarudi: mabano mawili matupu. Hapo Joyness alimkasirikia marehemu, na hakuona aibu. Alidhani mzee alimdanganya ili afe kwa amani.

Saa tano na dakika arobaini na saba akampigia shangazi yake Generoza, kule Migato, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka, mayu," shangazi akaitikia, akimwita mama kwa upendo. "Mbona unahema?"

"Mama namtafuta kwenye maandishi ya baba. Kwa Nyanjige hayupo. Kwa Mama Joyness hayupo. Baba alikuwa anamwitaje?"

Upande wa pili shangazi akaanza kufukuza kuku.

"Shangazi, muda unaisha!"

"Angemwitaje jina lake, mke wake? Hapa kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza."

"Si ndiyo mimi?"

"Siyo wewe, mwanangu." Sauti ya shangazi ikashuka. "Mtafute Mama Malimi."

Joyness alitaka kuuliza Malimi ni nani, ila saa ilikuwa haimngoji. Vidole vikatangulia. Akaandika Mama Malimi, akaagiza za zamani zitangulie, akabonyeza, simu ikiwa bado sikioni.

"Baba yako ndiye alitukataza," shangazi aliendelea. "Alisema mtoto aliyebaki asilelewe kwenye msiba wa mwenzake. Tukanyamaza. Ukimya ukazoeleka."

Makala ishirini na tatu, mfumo ukasema. Kumi za kwanza zikaingia saa tano na dakika hamsini na saba. Joyness akazihifadhi mara mbili, kisha akaomba kumi nyingine. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Saa sita ilipogonga, mlango ukafungwa. Kumi na tatu zikaenda zake, na zilimuuma vibaya sana.

Akafungua ya kwanza kabisa. Maneno yalikuwa yamejaa alama za mfumo, lakini yalisomeka. Akamsomea shangazi kwa sauti:

"Joyness alipozaliwa, Mama Malimi hakulala siku nne. Alikaa karibu na taa, mkono juu ya kifua cha mtoto, akihesabu pumzi, kwa sababu Malimi alituponyoka usingizini akiwa na miezi mitano. Nilimwambia alale, mimi nitahesabu. Akasema, wewe utasahau ukifika mia. Alicheka aliposema hivyo. Alikuwa na mwanya."

Joyness akapitisha ulimi kwenye mwanya wake mwenyewe.

"Mayu, bado upo?" shangazi aliuliza. "Umempata?"

"Nimewapata wote wawili," Joyness akasema, na ndipo akalia.