Fundi Kesho na Mlango wa Mama Yake

Mdogo wangu ni seremala, na mtaani kwetu wanamwita Kesho. Jina hilo hakupewa na baba wala mama, amelipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu atakipokea kwa mikono miwili, atakigeuza huku na huku, atakisikitikia kama mgonjwa, halafu atakwambia, "Njoo kesho." Kuna kabati la mwalimu mmoja limekaa kwenye karakana yake mpaka mwalimu mwenyewe amestaafu.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nashona sare za shule katika chumba chenye vyerehani tisa, na bosi wetu neno kesho halijui kabisa. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba naandika kwa hasira, tena hasira ya siku nyingi. Anayetaka sifa za Kesho akawaulize wale aliowasafiria.

Mama yetu ni mjane. Anakaa peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, jiko na bafu, na ukimtajia habari ya kuhama anabadilisha mazungumzo. Baba naye alikuwa seremala. Alipofariki aliacha sanduku la vifaa, na ndani yake randa ya mbao ngumu iliyolika mahali alipozoea kuweka kidole gumba. Sanduku lote alirithi Kesho. Mimi nilirithi funguo za akiba za nyumba ya mama na zamu zote za kumpeleka hospitali.

Sasa huo mlango. Miaka miwili iliyopita mlango wa zamani wa bafu la mama ulioza, Kesho akatengeneza mpya. Ajabu ya Mungu, aliumaliza siku aliyoahidi. Kilikuwa kiangazi. Alipoufunga alituita wote, akausukuma ukaingia kwenye fremu yake, akajipiga kifua. "Angalieni wenyewe. Hata mwanga haupenyi!" Na kweli haukupenya. Baba alikuwa akisema kila siku kwamba mlango uachiwe nafasi ya unene wa sarafu pande zote, maana mbao zinakunywa maji. Lakini baba hakuwepo tena, na mwanawe alikuwa anatafuta sifa. Mama akamsifu. Nami nikamsifu, Mungu anisamehe.

Mvua zilipoanza, mlango ukavimba. Mama akawa anauingia kwa bega na kuutoka kwa mikono miwili, na yeye si mtu wa kuoga mlango wazi, hata angebaki peke yake duniani.

"Mwanangu, hebu njoo uupitishie randa kidogo," alimwambia.

"Kesho, mama."

Mvua zikapita, mbao zikanywea, mlango ukafungika. "Unaona?" alisema Kesho. "Umejirekebisha wenyewe." Mvua za mwaka uliofuata ukavimba tena, na mama akapigwa danadana tena. Nilitaka kuita fundi mwingine, mama akakataa katakata. "Nina mtoto seremala, niite fundi wa nje? Watu watasemaje?" Basi kwa heshima ya Kesho mama akaendelea kupigana mieleka na mlango.

Siku moja Kesho akaja na tangazo. Kuna kikundi kinatafuta mafundi wa kujitolea, waende mbali huko wakatengeneze milango na madawati ya shule kwa miezi mitatu. Alilisoma lote mezani kwa mama, kisha akaweka mkono kifuani.

"Dada, nahisi nahitaji kwenda kujitafuta."

"Umepotelea wapi?" nikamuuliza. "Karakana yako ninaiona kutoka dirishani kwangu, nikakutafutie?"

Mama akanikanya. Alimfulia, akampigia pasi, akamwombea dua. Mlangoni akamwambia taratibu, "Ukirudi, baba, utanitazamia ule mlango." Kesho akamkumbatia. "Nikirudi tu, mama. Siku hiyo hiyo." Akaondoka na sanduku la baba begani.

Huko alikokwenda, simu yake haikupumzika. Kila jioni alituandikia sisi wa nyumbani. Leo kambebea maji bibi mmoja asiyemjua, yeye mwenyewe akalia machozi. Leo kalala kwenye kitanda cha mwenyeji, mwenyeji mwenyewe kalala chini. Watu wa huko hawana kitu, lakini wana kila kitu. Nikamjibu kwamba mama anaomba awaulize hao wenye kila kitu kama wana nafasi ya kuja kutazama mlango. Hakunijibu. Nadhani alikuwa bado anajitafuta.

Kisha akatuma picha. Amesimama kando ya mlango, ametabasamu, na chini ameandika: "Mlango wa saba!" Milango saba katika mwezi mmoja, mtu ambaye kwetu kigoda kinamshinda. Nikaikuza ile picha kwa vidole mpaka nikaiona fremu vizuri. Nafasi ya unene wa sarafu, juu na ubavuni, imenyooka vizuri kabisa. Kumbe anajua. Siku ile sikula chakula cha mchana kwa hasira.

Kwetu mvua zilikuwa zimeanza. Jumanne moja, saa mbili asubuhi, mama aliingia kuoga, akausukuma mlango kwa bega kama kawaida, ukaingia. Kutoka ukakataa. Alivuta mpaka mkono wa kitasa ukamng'okea kiganjani. Simu yake iko chumbani. Yangu iko ndani ya mkoba, maana kazini kwetu hairuhusiwi mezani. Akaita, sauti ikamezwa na mvua juu ya bati. Akachukua kopo akawa anagonga bomba. Aligonga, akapumzika kwenye ndoo iliyofunikwa, akagonga tena. Ana miaka sabini na mbili.

Saa sita na nusu alipita mtu wa gesi, mzee mwenye mvi, amepeleka mtungi kwa jirani. Akasikia bomba linalia. Akazunguka nyuma, akaingia kupitia jikoni.

"Nani huko?"

"Mimi, baba. Mlango umenikatalia."

"Jisitiri kwanza mama, halafu kaa mbali na mlango."

Aliusukuma kwa bega mpaka ukaachia, akang'oa bawaba kwa bisibisi yake ya mitungi, akauegemeza mlango ukutani. Akachukua shuka akalitundika kwenye fremu kama pazia, ili bafu lisibaki uchi. Akampikia mama chai. Akanipigia simu kwa simu ya mama, na kwa kuwa sikupokea, akakaa pale kumlinda mpaka nilipotoka kazini saa kumi. Nilimkuta kwenye kigoda cha jikoni, kazi yake ya siku nzima imelala. Alimwita mama yetu "mama", naye mama akamwita "baba", na hilo lilikuwa jina pekee walilopeana. Tulipomshukuru alisema tu kwamba hata yeye ana mama. Hakupiga picha.

Nilipobaki na mama nikamwambia basi, imetosha, utahamia kwangu. Kwangu ni chumba na sebule, na watoto watatu. Mama aliangalia sufuria zake, akaangalia kiti cha baba.

"Nihame kwangu kwa ajili ya mlango?"

"Mwisho wa mwezi. Mlango ukiwa bado haufungiki na kufunguka, unahama."

Safari hii hakubishana, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema neno moja tu: nisimwambie Kesho, asije akakatiza safari yake kwa wasiwasi. Uchungu wa mwana, bwana! Nilinyamaza kwa sababu yake yeye, na zilibaki siku kumi na tano mwezi kuisha.

Kesho alirudi Jumamosi asubuhi, siku nne kabla ya mwezi kuisha. Alikuwa na ndevu, na kamba ya rangi mkononi, na sauti mpya ya chini. Ukimuuliza kitu ananyamaza kidogo, anatazama mbali, ndipo anajibu, hata kama umemuuliza anaweka sukari ngapi. Alikaa kwenye kiti cha baba akatuhubiria muda wa saa mbili. Nani alimpa mwavuli, nani alimwonyesha njia, nani alimgawia mkate. "Wema wa mtu usiyemjua, ndugu zangu, hauna mfano," alisema. Mama alikuwa anasikiliza, mikono mapajani.

"Vifaa viko wapi?" nikauliza. Maana niliona begi, sanduku sikuliona.

Akatazama mbali kwanza. "Nimeviacha kule. Kuna fundi mmoja mzee hakuwa hata na nyundo. Niliona baba angefurahi."

"Na randa?"

"Na randa."

Nilisimama, nikakaa. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huyu mbachao wake alikuwa amekwenda kuugawa. Mama alitazama vidole gumba vyake.

Kesho hakuliona hilo. Alikuwa anatoa makaratasi kwenye begi. Kile kikundi, alisema, kinataka kuanza kazi hata hapa kwetu, na mwakilishi wao ni yeye. Mwenye shida ya ufundi nyumbani kwake ajaze fomu, fundi wa kujitolea atakuja. "Kama mnamjua mtu mwenye shida ya kweli," akasema, "mpeni."

"Lete moja," mama akasema. "Na kalamu."

Aliandika polepole, herufi zake kubwa za darasa la watu wazima, miwani ikimteremka puani. Sisi tukanywa chai. Alipomaliza akaikunja mara moja akamkabidhi. Kesho akaifungua na kuanza kuisoma kwa sauti, kwa ile sauti yake mpya.

"'Mhitaji: mjane, anaishi peke yake.' Vizuri. 'Shida: mlango wa bafu.'" Akatabasamu. "Mama bwana! 'Umesubiri kwa muda gani: mvua mbili, hizi ni za tatu. Madhara: nilifungiwa ndani kwa saa nne na nusu. Alinitoa mtu wa gesi.'"

Tabasamu likamtoka. Akanitazama mimi, nikamwonyesha kwa kidevu upande wa bafu, kule shuka liliponing'inia. Akarudi kwenye karatasi. Sehemu ya mwisho hakuisoma kwa sauti, ikabidi nisimame nyuma yake niisome mwenyewe. Fomu ilikuwa imeandikwa: *Uhusiano wako na fundi (asiwe ndugu)*. Na mama alikuwa amejaza: *Hatujuani.*

"Mama…"

"Nimeona watu usiowajua huwaambii kesho," mama alisema, bila hasira hata kidogo. "Nikasema na mimi nijaribu."

Kesho aliinuka akaenda bafuni. Nilimfuata, maana nilikuwa na matusi ya miezi mitatu nimeyapanga vizuri na sikutaka yaharibike. Nilimkuta amelishika shuka kwa mkono mmoja, na mwingine unapapasa ukingo wa mlango pale ukutani.

"Niliukaza, dada," akasema, na ile sauti mpya haikuwepo. "Nilijua tangu mvua za kwanza. Nikija hapa nikamwona mama anausukuma kwa bega, naona haya, naondoka. Kule hakuna aliyejua kama niliwahi kukosea mlango."

"Haya zako zilimfungia mama kwa saa nne na nusu," nikamwambia. Nilikuwa na mengine, lakini alikuwa anatazama lile tundu la kitasa, na machozi haya hakumwandikia mtu yeyote. Yaliyobaki nikayameza.

Halafu akakumbuka kwamba hana randa. Seremala, mtoto wa seremala, hana hata msasa! Ilibidi aende kwa fundi wa kona ya pili, yule ambaye Kesho alikuwa akimcheka kwa kazi zake za haraka, na ambaye wateja wote wa Kesho walikwisha kuhamia kwake. Nilitoka kibarazani nione akifukuzwa, na sitaficha, ningefurahi. Yule fundi alimsikiliza, akaingia ndani, akatoka na randa, patasi, bisibisi na bawaba mbili. Nililisikia swali lake toka nilipokuwa.

"Utarudisha lini?"

"Leo," mdogo wangu akasema.

Alifanya kazi mchana kutwa, hakusimulia safari. Aliranda ubavu, akauweka, akautoa, akaranda tena, maranda yakamjaa kwenye ndevu. Alipofunga bawaba na kurudisha mkono wa kitasa aliniomba sarafu. Nikampa, akaipitisha juu, akaipitisha ubavuni, akaipitisha chini, na kila ilipokwama aliurudisha mlango chini. Saa kumi na moja mama aliusukuma kwa kidole kimoja, ukaingia. Akauvuta kwa kidole hicho hicho, ukatoka. Akafanya hivyo mara tatu. Nami sikutaja tena habari ya kuhama.

Kesho akafagia, akapeleka vifaa vya watu, akarudi. Ile fomu ilikuwa bado mezani chini ya kikombe. Akaichukua, akaweka kidole kwenye neno la mwisho.

"Mama, hapa si tufute sasa?"

Mama alikuwa anakunja lile shuka. Hakugeuka.

"Njoo kesho," akasema.

Akaja. Saa moja asubuhi alikuwa amesimama mlangoni, mama hata hajaoga.