Majivu ya Nesi Evarista

Mwaka 1954 hospitali yetu ndogo, njia ya kwenda Kilolo, ilikuwa na nesi mmoja tu, Evarista. Mwanamke mnene, mcheshi, miguu imevimba kwa kusimama. Alizalisha, alidunga sindano, na mgonjwa akifa alimwosha yeye mwenyewe. Mama yake alimfundisha kwamba aliyegusa maiti hamgusi kichanga mpaka anawe kwa majivu, kwa hiyo kopo la majivu lilikaa daima mlangoni mwa wodi ya wazazi. Kwa daktari aliomba jambo moja tu: nesi wa pili, ili mikono inayoosha wafu isiwe ndiyo inayopokea watoto.

Mchana mmoja wa ukungu mzito alikuwa chumba cha maiti. Aliporudi wodini akamkuta mzazi mmoja, Paskalina, amekwisha kujifungua, kitovu cha mtoto kimefungwa vizuri.

"Nani kakuzalisha?"

"Si yule nesi mwenzako, dada. Yule mwembamba, hasemi. Mikono yake ya baridi kweli!"

Mwembamba asiyesema alikuwa Esta, nesi aliyemtangulia, aliyeanguka kazini akafa. Evarista ndiye aliyemwosha.

Daktari alipopita kukagua, akawauliza wazazi kama wanahudumiwa. Akina mama, kwa adabu zao, wakajibu kwamba manesi wao wawili ni wazuri sana.

"Unaomba wa pili, kumbe mko wawili?" daktari akamwambia Evarista. "Mnatosha."

Mimi Sekela nililetwa kutoka Mbeya wakati Evarista amekwisha kulazwa, moyo umechoka. Haya alinisimulia mwenyewe, anacheka huku anatetemeka. Nami nikadhani ni homa. Alipofariki nilimwosha, nikanawa kwa sabuni, kopo lake nikalitupa. Kisha nikaomba mwenzangu, maana kazi ile ilikuwa ya kuua mtu.

Daktari akaja, na nje ukungu uleule. Akamwuliza mzazi mmoja, mgeni kutoka Mafinga, kama anahudumiwa.

"Sana, bwana daktari. Wote watatu wana huruma. Huyo mnene ndiye nampenda zaidi, hamgusi mwanangu mpaka anawe majivu."

"Watatu!" daktari akanigeukia. "Basi mnatosha kabisa."

Hasira ilinipanda hata kabla ya hofu. Siku ileile nilivua gauni jeupe, nikashika njia ya Mbeya. Sikutaka nifie mle, halafu nesi atakayenifuata aambiwe kwamba wako wanne.