Kaka wa Gatini

Nyumbani kwangu, pale Alby, pembezoni mwa Stockholm, biskuti huitwa biskuti. Waswidi wao biskuti huiita kaka, na binti yangu, ambaye hata ndotoni anaongea Kiswidi, alizoea tangu mdogo kunijia jikoni mkono umenyooshwa: "Mama, kaka!" Nami nilikuwa mkali. "Sema biskuti. Humu ndani kaka ni mtu." Aliona ni ukorofi wa mama tu, na mimi nikamwacha aone hivyo, kwa sababu maelezo yake nilikuwa nimemwekea. Nilijiambia akifika miaka kumi nitamketisha, nimweleze yote, taratibu, kwa mdomo wangu. Kabla yake nilimweleza mtu mmoja tu duniani, na huyo ndiye aliyenifanyia niliyofanyiwa.

Alikuwa shoga yangu. Tulikutana kwenye darasa la Kiswidi la wageni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukakaa dawati moja kwa sababu ya Kiswahili. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, na vita ndivyo vilivyonileta. Yeye alikuwa wa Tanga, na aliletwa na ndege, visa, na kaka yake mkubwa, ambaye alimpokea uwanja wa ndege wa Arlanda kwa maua na koti jipya la baridi, akampeleka kwake Upplands Väsby. Habari ya hayo maua naitaja mapema kusudi isisahaulike.

Alipenda kunicheka. "Eti 'niko nakula'! Shoga, hicho Kiswahili chako kiligongwa na nini?" Nami namjibu kwamba chake kina maringo, kinatembea na kujitazama kwenye kioo. Tunacheka mpaka mwalimu anatutenganisha. Alinisuka nywele miaka yote ile. Binti yangu alipozaliwa, yeye ndiye wa kwanza kumbeba baada ya baba yake na mimi, akamwita mwanangu, na mtoto akakua anamwita anti. Sitaki kujifanya leo kwamba nilimshuku. Nilimpenda, tena sana.

Binti yangu alipokuwa na miaka minane, shoga akapata tiketi za kwenda Genoa, ule mji wa bandari wa kale kule Italia. Siku tatu, sisi wawili tu. Mtoto nikamwachia baba yake, tukaenda. Siku ya pili tukajiunga na kundi la watalii wanaozungushwa mji kwa miguu. Kiongozi alikuwa mzee mmoja aliyebeba mwavuli mwekundu juu juu bila kuufungua, tusimpoteze. Aliongea Kiingereza, na mimi ni mtu wa Kifaransa, kwa hiyo shoga alinitafsiria sikioni huku akitia chumvi yake. Vichochoro vile ni vyembamba, jua haliingii, nguo zinaning'inia juu ya vichwa vyenu, na chini ni mawe matupu. Shoga alikuwa amevaa viatu vya kisigino. Nilimwonya hotelini, akasema yeye hawezi kwenda Italia na raba.

Tukaonyeshwa kanisa kuu lenye mistari myeusi na myeupe. "Anasema ni fahari ya matajiri wa zamani," shoga akaninong'oneza. "Mimi naona vitambaa viliwaishia." Ndani wameweka bomu lililoanguka wakati wa vita likakataa kulipuka. Watu walilipiga picha. Mimi nikatoka nje nikasubiri mlangoni, maana niliwahi kuyasikia yaliyokubali.

Mwisho tukafika bandarini. Yule mzee akasimama ukingoni mwa maji, akavua kofia, akasimulia habari ya bibi yake: jinsi alivyokuwa msichana mdogo, akaja pale kumsindikiza baba yake aliyepanda meli kwenda Amerika, akapunga kitambaa cheupe mpaka meli ikawa nukta, na barua haikuja hata moja. Aliposema hivyo sauti ilimkatika. Mimi nililia kwa kwikwi, kilio cha aibu mbele ya wageni, na shoga akanivuta pembeni tukaketi kwenye ngazi za mawe. Akaniuliza, "Mwenzangu, kuna nini?" Nikamwambia.

Nilimwambia kwamba nilikuwa na kaka mmoja. Tulipokimbia kwetu nilikuwa natetemeka kwa homa, naye akasema nisogee na watu wengine, yeye anarudi mara moja kunichukulia blanketi, atanikuta njiani. Hakunikuta. Miaka ikapita kambini, nikaletwa Stockholm. Siku yangu ya nne hapa, afisa aliniuliza kupitia mkalimani kama nina ndugu. Nikamweleza habari za kaka, umri wake, kovu lake la kidevuni. Akaandika, akasema wataangalia. Kesho yake tukapelekwa sisi wageni kutembezwa mjini, tukaishia pale gatini kwenye Mji wa Kale, kunywa kahawa ya chupa kwa baridi. Mama mmoja mzee, mtu wa kujitolea, akanijia na kopo la bati. Aliambiwa sijui Kiswidi, kwa hiyo akanirahisishia, akasema neno moja tu huku anatabasamu: "Kaka?"

Niliruka. Nikamshika mikono yote miwili, kopo nusura lianguke. "Yuko wapi?" Naye anaitikia kwa kichwa, "Kaka, kaka!" Nyuma yake feri ndogo ilikuwa imefika, watu wanateremka. Nikajua wamemleta. Wale watu wameandika jana na leo wamemleta, Mungu wangu, hii ndiyo Ulaya! Nikawatazama mmoja mmoja, kidevu kwa kidevu, hadi akateremka wa mwisho, mwanamume mwenye baiskeli, na mtu wa feri akafunga mnyororo. Ndipo nikaangalia mkononi mwangu nikakuta biskuti.

Shoga alilia kuliko mimi. Akanikumbatia pale ngazini, wanja umemchuruzika hadi shavuni. Nikamwambia hii sijamwambia hata mume wangu, na kwamba naiweka, binti yangu akifika miaka kumi ndiyo nitamkabidhi, maana ndicho kitu pekee nilicho nacho cha mjomba wake. Hata picha sina. Akasema, "Shoga, hapa imefika kaburini."

Ziara ilipokwisha tukaenda kumshukuru yule mzee. Shoga akamwambia habari ya bibi yake imetuumiza. Mzee akacheka, meno yote nje. Bibi gani? Yule alikuwa bibi wa mwenzake aliyekwisha staafu. Viongozi wote wanamsimulia pale pale, kila mmoja anasema ni bibi yake, kwa sababu mahali pale panafaa. Mimi nikapandisha hasira. "Aka! Mzee mzima mwongo hivi!" Shoga akacheka mpaka akaegemea ukuta, kiatu kimoja mkononi, kisigino kimeng'oka.

"Lakini ulilia, si ulilia?"

"Nililia."

"Basi," akasema. "Hayo mengine ya nini?"

Tuliporudi Stockholm hakuacha kuzungumza juu ya yule mzee. Wageni wa kanisani kwetu, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, kila mara walitaka kuonyeshwa mji, na hakuna aliyekuwa akiwaonyesha kwa Kiswahili. Kwa nini sisi tusiwaonyeshe? Nikakubali kwa moyo mmoja. Nikaazima vitabu maktaba, nikakaa na kamusi, nikaipita njia yenyewe mara tatu na saa mkononi. Daftari langu lilikuwa na kila kitu: uwanja ambapo mfalme aliwakata wakubwa vichwa, kile kichochoro ambacho mtu mnene hupita ubavu, gati ambapo meli zilileta chumvi na kuondoka na chuma. Wa kuongea alikuwa yeye. "Kiswahili chako kitawachanganya watu," alisema. "Niachie mdomo." Nami Jumamosi zote nilikuwa kazini Farsta, kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo mdomo nikamwachia.

Matembezi yakapata jina. Kanisani watu walinishika mkono: "Mama, Jumamosi tumelia! Huyo rafiki yako ana mambo!" Nikadhani wanalia pale uwanjani. Nikajisemea kweli watu wa Mungu wana huruma, kuwalilia makabaila wa Kiswidi waliokatwa vichwa enzi hizo. Nilijivuna hata kidogo, kwa kuwa ukurasa ule niliuandika vizuri. Shoga nikimuuliza mambo yanaendaje, ananijibu, "Yanakwenda, mwenzangu," kisha anahamia habari nyingine.

Mwaka uliofuata, ikiwa imebaki miezi mitatu binti yangu atimize kumi, nilibadilishana zamu na mwenzangu nikapata Jumamosi. Nikataka kumshtukiza shoga. Binti alinung'unika kwa Kiswidi njia nzima kwamba majengo ya zamani yanachosha. Tulichelewa, tukawakuta wamekwisha fika gatini, watu kama ishirini wamejipanga nusu duara, yeye ameyapa maji mgongo, amejifunga kitenge juu ya koti. Nikamwashiria mtoto anyamaze, tukajibanza nyuma ya mwanamume mrefu.

"Nilikuwa binti mdogo," shoga alikuwa akisema, "mkimbizi, sina mtu, sina hata koti."

Nikatabasamu. Nilidhani anaigiza mtu fulani wa kwenye vitabu. Huyu wa maua? Huyu aliyenunuliwa koti kabla hajaisikia baridi? Kisha akasema homa. Kisha akasema blanketi. Blanketi langu! Alimrudisha kaka yangu nyuma kulichukua, pale pale mbele ya watu, kwa Kiswahili chake kizuri. Akamleta na yule mama mzee. Akajikunja mgongo, akafanya sauti ya kikongwe wa Kiswidi, akanyoosha kopo la bati alilokuja nalo: "Kaka?"

Watu wakaangua kicheko. Binti yangu ndiye aliyecheka kupita wote. Akanivuta mkono, macho yanang'aa. "Mama, umesikia? Kaka!" Hatimaye amepata wa kucheka naye neno lile nililomkataza.

Kicheko hicho ndicho kilichomfanya shoga atazame upande wetu. Macho yetu yakakutana. Nikasema moyoni, sasa ataacha. Atasema chochote, atakohoa, ataingia kwenye chumvi na chuma. Akageuza uso kwa wale waliokuwa mbele yake, akaendelea. Akawateremsha abiria wa feri mmoja mmoja. Akamteremsha mwenye baiskeli. Na mwishoni akaongeza la kwake: "Hadi leo, kila feri ikifika hapa, namtafuta." Hilo sikuwahi kumwambia. Lilikuwa kweli, na sijui alilijuaje.

Sasa watu walikuwa wakilia, na shoga mwenyewe wanja umemchuruzika. Mama mmoja wa Kirundi alijifuta kwa ncha ya kitenge. Na pembeni kabisa, na ufunguo wa gari mkononi, alisimama yule kaka yake wa Upplands Väsby, yule wa maua, mzima wa afya, amekuja kumchukua dada yake. Aliponiona akaanza kuangalia viatu vyake.

Kopo likapitishwa. Kumbe ndiyo ilikuwa desturi ya kufunga matembezi: analipitisha mwenyewe, anamuuliza kila mtu lile neno, watu wanacheka na machozi yao, wanachukua. Binti yangu akachukua mbili. Kisha shoga akanifikia mimi. Angeweza kuniruka. Nadhani aliogopa kwamba akiniruka watu watagundua kitu. Akaninyooshea kopo, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Kaka?"

"Hajapatikana," nikamjibu.

Watu waliokuwa karibu wakatutazama. Yeye akasogea, midomo karibu na sikio langu, mahali pale pale alipokuwa akinitafsiria Genoa. "Shoga, tafadhali, si hapa. Ni biskuti tu."

Nilitaka kulitupa kopo lile baharini, naye alifuate. Nasema kweli, mikono iliniwasha. Lakini mwanangu alikuwa ameshika mkono wangu mmoja, na midomo yake ina chembechembe, na nilikuwa nimemwekea jambo hili miaka yote alisikie kwa amani. Nikamgeuza tukaondoka. Nyuma yetu nilisikia watu wanapiga makofi.

Kwenye treni ya kwenda Alby alikaa dirishani, biskuti ya pili ameifunga kwenye karatasi. Stesheni kadhaa zikapita. Kisha akaniuliza nani hajapatikana.

Miezi mitatu ilikuwa imebaki. Nikaona nikingoja hata dakika tatu nitampoteza kabisa. "Mjomba wako," nikasema. "Kaka yangu. Yule aliyerudi kuchukua blanketi. Ile habari uliyoisikia pale ni yangu mimi. Anti ameichukua kwangu."

Akausogeza mkono wake juu ya wangu, kwa upole, jinsi ninavyowafanyia wazee wangu wa Farsta wanapochanganya mambo, akanijibu kwa Kiswidi.

"Mama, huyo ni kaka yake anti," akasema. "Anti ndiye aliyelia."