Milango ya Karatasi ya Bi Halvorsen

Fundi wetu wa Kijapani hakuwa na desturi ya kupiga msumari kwenye mlango wa karatasi, ule wa fremu ya mbao iliyobandikwa karatasi. Pale Pasadena, mwaka 1954, tukijenga nyumba ya Bi Halvorsen, sisi tulisukuma misumeno. Yeye aliuvuta wake kuelekea kifuani, akinong'ona vipimo. Kila kiungo cha mbao alikipitishia kidole gumba, kisha akautelezesha mlango kwa kidole kimoja tu. Siku moja kabla ya wapiga picha wa jarida kuja kuipiga nyumba picha, milango miwili ilikuwa bado.

"Piga misumari, mzee. Nani ataiona?" nikamhimiza.

"Mbao zitaiona, bwana msimamizi. Hizi hupumua."

"Basi zipumue keshokutwa!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Akaninyooshea kiganja kuomba misumari, maana hakuwa na hata mmoja.

Picha zilipendeza. Mvua za Januari zilipokuja, mbao zilivimba zikapasuka penye misumari, na Bi Halvorsen akaamuru milango yote ing'olewe, viwekwe vioo. Fundi aliibeba mwenyewe hadi garini, mmoja mmoja. Mimi nilikuwepo, na sikumwambia Bi Halvorsen kwamba amri ya kupiga misumari ilikuwa yangu. Hakupewa tena kazi ya milango. Alimalizia miaka yake akikata nyasi za watu.