Mkwe Wangu, Mfuga Nge

Mkwe wangu Bujiku alifuga nge. Hakuwafuga kwa ajili ya dawa wala ngoma, na hakuwauza. Aliwafuga kama mwingine anavyofuga njiwa, kwa sababu alipenda kuwatazama.

Alizaliwa Samuye kama sisi. Alipokuwa kijana alipata kazi kwa wataalamu waliokuwa wakichunguza mbung'o huko Shinyanga. Walizunguka porini na shuka jeusi, mbung'o wakatua juu yake, wakanaswa. Baadhi waliwekwa hai kwenye visanduku vya wavu, wakalishwa damu ya mbuzi, wakazaa humo. Bujiku alikuwa mlishaji. Wenzake walichoka baada ya miezi michache, yeye alikaa miaka minne. Baadaye akaenda Geita, akaajiriwa kukata magogo ya kuegemeza mwamba mgodini. Siku moja wakainua gogo, wakamkuta nge mkubwa mweusi mwenye magando mekundu. Wenzake wakatafuta jiwe. Yeye akatafuta kopo.

Haya sikuyajua alipomposa binti yangu Limi. Tuliulizia kama kwao kuna ukoma, kama kuna wezi, kama wanaume wao hupiga wanawake. Hatukuulizia nge.

Niliyajua mwaka 1952, mvua za kwanza zilipoanza, nilipokwenda Geita kumsubiri Limi ajifungue mtoto wake wa kwanza. Kwetu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima. Kwa hiyo Bujiku alinipisha, akaenda kulala kwa Herman, mwenzake wa zamu. Kila alasiri alikuja akakohoa nje, nami nikatoka kwa mlango wa nyuma, ndipo yeye akaingia kwa mlango wa mbele. Nikaona huyu ana adabu.

Siku ya pili nikafagia chini ya kitanda. Nikakuta madebe sita ya mafuta ya taa, yamekatwa nusu, kila moja na mfuniko wa bati uliotobolewa kwa msumari. Nikafunua la kwanza.

"Limi," nikasema, "kuna nge chini ya kitanda."

"Wako kumi na mmoja, mama." Alikuwa anaosha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. "Wa debe la tatu amezaa juzi."

Nikafunua la tatu. Nge alikuwa ametulia juu ya udongo wenye unyevu, na mgongoni amebeba watoto weupe kama punje za mchele, wamerundikana. Nilisoma miaka miwili tu kwa mapadri, lakini kuhesabu najua. Walikuwa ishirini na wawili.

Alasiri Bujiku alipokohoa sikwenda mbali. Nilikaa nyuma ya ukuta wa jikoni, yeye akasimama upande wa pili, na Limi akakaa kwenye kigoda pembeni, akituona wote wawili.

"Mwambie mumeo mjukuu wangu hatazaliwa juu ya nge."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," akasema Bujiku, ambaye aliniita mayu, yaani mama. "Mwambie mayu hawa sumu yao si kali. Nimeumwa mara tano. Ni kama nyuki."

"Mwambie kitoto kichanga hata nyuki hamfai."

"Mwambie hawatoki. Bati linateleza, hawawezi kulipanda."

"Mwambie nikimwona mmoja nje, ninamchukua Limi, tunarudi Samuye kwa lori, akajifungulie kwetu."

Limi alishika tumbo. Lori hilo lilichukua siku mbili, na barabara ilikuwa mashimo matupu.

Bujiku akajibu: "Mwambie akitoka hata mmoja, nitawaondoa wote siku hiyohiyo. Hana haja ya kumpandisha Limi kwenye lori."

"Mwambie basi nitawaangalia."

"Mwambie nashukuru sana."

Nikawaangalia. Asubuhi nilihesabu kabla ya uji, mchana kabla ya ugali, jioni kabla jua halijazama. Wakubwa walihesabika upesi. Kwa wale watoto ilibidi nilivute debe mpaka mlangoni penye mwanga, na mama yao asipogeuka nilimgusa kwa kijiti. Siku ya tatu wakawa ishirini. Nikarudia, bado ishirini. Siku ya nne walikuwa kumi na saba.

Nikamtoa Limi nje, nikamkalisha kwenye mkeka uani. Nikakung'uta mablanketi, vikapu, hata viatu vya Bujiku. Apolonia, jirani yetu mkunga, akaja kunisaidia.

"Wengine hufuga kuku," akasema akiinua kitanda. "Kuku akipotea, anayemwona hula."

"Tafuta, Apolonia."

"Natafuta, Mama Limi. Lakini sitaki kupata."

Tulipata mende wawili na pini ya nywele ya Limi. Nikafunga mzigo: khanga, blanketi, fulana tatu za mtoto. Bujiku akakohoa nje.

"Mwambie mumeo watano wametoka," nikasema kwa nyuma ya ukuta. "Na ahadi yake naikumbuka."

"Watano wapi?"

"Watoto. Wa debe la tatu."

"Amejuaje?"

"Mwambie nimehesabu."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku. Mwambie mimi si mvivu."

Nilimsikia akiweka kofia yake ya mgodini chini, taratibu.

"Mwambie mayu hawajatoka. Wameliwa."

"Na nani?" nikauliza. Nilisahau kumpitia Limi.

"Na mama yao." Naye alisahau. "Akifunuliwafunuliwa anaona watoto hawatapona. Anawala mwenyewe."

Apolonia akaacha kukung'uta. Limi alinitazama kutoka mkekani.

"Hukuniambia," nikamwambia.

"Sikufikiri utafunua, mama. Ni nge."

Bujiku akasema ahadi ni ahadi, atawaondoa wote leo. Akaingia, nikasikia madebe yakivutwa, la kwanza, la pili.

"La tatu aliache," nikasema.

"Mama anasema..."

"Ukimhamisha atawamaliza. Mwambie asiliguse."

Alibeba madebe matano kwenda kwa Herman, ambaye hakuulizwa. Nami nikafungua mzigo wa Limi, nikarudisha fulana kwenye kikapu.

Limi alijifungua siku nne baadaye, mtoto wa kike, kwenye kitanda hichohicho, na debe la tatu likiwa chini yake. Wanawake wa jirani wakaja. Kila mmoja alitaka kufunua nguo amwone mtoto, na waliokuwa wamesikia habari walitaka kufunua na debe. Niliweka kigoda mbele ya kitanda nikakaa hapo. Aliyeomba kumwona mtoto nilimwambia amelala. Aliyeomba kuona nge nilimwambia vilevile. Apolonia akasema hajawahi kuona mlinzi wa namna hiyo hata kwenye ghala la dhahabu. Nikamwambia asogee, anaziba hewa.

Mtoto alipotimiza wiki, Bujiku alikuja, akakohoa. Nikatoka nyuma. Alifunua debe mara moja, akafunika, akarudi nje ya ukuta.

"Mwambie mayu wameshuka mgongoni. Wote kumi na saba, sasa wanajitegemea."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie sasa anaweza kuwahamisha. Na mwambie aende polepole, asiwatikise."